Choo Namba Moja cha Darakasi

Bwana Idarus alikuja Darakasi, kisiwa chetu, kutuuliza tunakwenda wapi haja. Alikuja kwa mashua ya injini kutoka Kismayu, na mifuko miwili ya simenti, na kifuniko cha zege chenye tundu katikati, na fomu za maswali arobaini na moja. Alikuwa afisa wa afya, mtu mpole, na mfukoni alikuwa na kalamu tatu, zote zinaandika.

Mimi alinichagua kwa kuwa nimemaliza shule ya msingi. Fomu zilikuwa za Kisomali, nami naweza kuzisoma na kuwauliza watu kwa Kibajuni. Tena ni mwanamke, naingia jikoni kwa mtu bila kupiga kelele mlangoni.

"Shamsa, wewe uliza tu. Usicheke," akaniambia.

"Sicheki."

Na kweli sikucheka. Swali la tisa liliuliza mtu huenda haja saa ngapi. Kwetu haja hufuata maji. Wanawake wana upande wao wa pwani na wanaume wana wao, na mtu huenda bahari ikitoka, ili ikirudi ichukue. Maji yakijaa, husubiri. Kwa hiyo saa hubadilika kila siku, na fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu.

Bi Mwanalima, ambaye wanawake wa kisiwa hawafanyi jambo bila yeye, alimjibu vizuri kabisa. "Leo saa nne. Kesho karibu na saa tano. Ijumaa aje aulize tena."

Bwana Idarus akafikiri, akaandika: haijulikani.

"Haijulikani vipi?" Bi Mwanalima akasema. "Kisiwa kizima chajua."

Swali la ishirini liliuliza watoto wangapi wameharisha katika wiki mbili zilizopita. Nikahesabu kumi na mmoja. Mwaka ule tulikuwa tumeshazika wanne, na swali la kuzika halikuwemo, lakini nililiandika pembeni. Bwana Idarus alilisoma, kisha akanieleza mambo ya mradi. Baada ya miezi minne watakuja wakaguzi. Wakikuta choo kinachotumika, watatuletea sanduku la dawa likae hapa hapa, na mtu mmoja atachukuliwa Kismayu miezi tisa afundishwe kutibu watoto.

"Mtu huyo ni wewe," akasema. "Nimeshaliandika jina."

"Na wasipokuta choo?"

"Sanduku litakwenda kisiwa kingine. Na nafasi pia."

Akatuachia simenti na kifuniko, akarudi Kismayu.

Darakasi ni jiwe. Kazi ya kuchimba akapewa Athmani, kwa kuwa ndiye anayetuchimbia makaburi na anajua jiwe linapolegea. Alisema mbali na makaburini jiwe limelegea mahali pamoja tu, bondeni nyuma ya ukuta mkongwe. Akachimba siku mbili. Siku ya pili, shimo lilipomfika kifuani, likatoa maji.

Yafaa mtu ajue jinsi tulivyoishi na maji. Visima vyetu vyote vina chumvi. Maji ya kunywa yaliletwa kwa mapipa kutoka Burgao, na mashua isipokwenda, chai yetu huwa ya chumvi na wageni hawarudii kikombe. Kwa hiyo mtu wa kwetu akiona maji shimoni hafikiri, huonja. Athmani aliweka jembe, akateka kwa kiganja, akaonja. Akaonja tena.

"Bi Mwanalima," akaita, "choo hiki ni kitamu."

Kufika alasiri kila ndoo ya kisiwa ilikuwa pale. Bi Mwanalima akazifukuza zote. Akaamuru kifuniko cha zege kiwekwe juu, mbuzi wasitumbukie, na ikaonekana lile tundu linapitisha mkebe wa kamba bila kugusa kingo. Simenti ikazungushiwa ukingoni. Zikajengwa kuta za makuti, ukatiwa mlango na kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni. Mkebe ukawa mmoja tu, hautoki mle ndani. Hakuna kuingia na viatu, na hakuna kuingia kabla ya kunawa mikono, kwa kuwa yeye ndivyo alivyo.

"Na choo?" nikamuuliza.

"Choo kipi?"

"Cha Bwana Idarus."

"Si hicho? Kina kifuniko chake, kina mlango. Ametaka nini tena?"

Athmani alijaribu mahali pengine pia, nisiseme uongo. Alijaribu patatu, akavunja sururu mbili, akaniambia jiwe limekataa.

Kila mwezi nilitakiwa kujaza fomu ya pili na kuipeleka Kismayu kwa mashua ya samaki. Nilikaa nayo mbele ya taa nikaisoma mara nne. Je, choo namba moja kinatumika? Nikaandika: ndiyo. Na watu wangapi? Wote, mia moja na themanini na sita. Mara ngapi kwa siku? Asubuhi na jioni. Watoto wanakitumia? Wao ndio wanaotumwa. Kuna nzi? Hakuna. Kuna harufu? Hakuna. Watu wananawa mikono? Kabla. Fomu ilitaka baada, nikaongeza kwa mkono: na baada pia.

Sikuandika neno moja la uongo. Hata hivyo, usiku nililala vibaya.

Bwana Idarus alijibu kwa barua. Alisema tangu aanze kazi hajaona choo kama hicho, na kwamba fomu zetu zimesomwa mkutanoni.

Mwezi wa nne mashua ya injini ikaja. Bwana Idarus alikuwa amevaa koti. Nyuma yake alikuwa mkaguzi mwenyewe, Dakhtari Nassor, mtu mnene wa Kismayu, anasema haraka haraka. Sanduku la dawa lilikuwa ndani ya mashua, nililiona, la bati, limeandikwa kwa rangi nyekundu. Tangu alfajiri Umi, mtoto wa dada yangu Mashavu, alikuwa anaharisha, na nililitazama sanduku lile kuliko nilivyowatazama wageni.

Bwana Idarus akatoa hotuba mbele ya mlango wa makuti. Asilimia mia, akasema. Kisiwa kizima. Dakhtari alisikiliza huku amekunja uso, tukadhani hajaridhika. Kumbe bahari ilikuwa mbaya na alikuwa njiani saa nyingi.

"Vyema," akasema. "Basi leo mimi nitakuwa mgeni wenu wa kwanza kukitumia. Ufunguo uko wapi?"

Watu mia moja na themanini na sita wakamtazama Bi Mwanalima.

"Ufunguo umepotea," Bi Mwanalima akasema.

"Si huo shingoni mwako, mama?"

"Huu ni wa kabati."

"Una kabati yenye kufuli ya mlango?"

"Nina vitu vingi, mwanangu."

Bwana Idarus akacheka, akadhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. "Mpe, Bi Mwanalima. Dakhtari ametoka mbali."

Wanaume wakaanza kutazama bahari. Athmani alitazama miguu yake. Bi Mwanalima akanigeukia mimi, na wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kujua kusema na wakubwa. Nikasema na nafsi yangu: ukinyamaza, ataingia, na maji yamekwisha. Ukisema, sanduku linaondoka. Dakhtari alikuwa ameshaunyosha mkono, na jasho linamtoka.

Nikaenda nikasimama mlangoni.

"Dakhtari, usiingie."

"Kuna mtu?"

"Kuna maji."

"Maji ya kutawadha? Nayataka hayo hayo."

"Ya kunywa, dakhtari. Ndiyo tunayokunywa sote. Na chai uliyokunywa ulipofika ni ya humo."

Akautazama mlango. Akamtazama Bwana Idarus. Bwana Idarus akaivua miwani yake akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Basi wenyewe mnakwenda wapi?" dakhtari akauliza, sasa kwa sauti ndogo.

"Pwani. Lakini maji yamejaa," Athmani akamwambia. "Ungesubiri mpaka saa tisa."

"Siwezi kusubiri mpaka saa tisa!"

"Hapo ndipo pagumu," Athmani akasema. Akamshika mkono, wakaondoka upande wa wanaume, kuna jabali moja huko ambalo bahari hailifuniki. Walikaa sana. Dakhtari alirudi suruali imelowa mpaka magotini, na uso umekunjuka.

Akaketi, akaomba fomu zangu zote, akazisoma moja moja.

"Hapa umeandika watoto ndio wanaotumwa."

"Ndiyo. Kuteka."

"Na kunawa kabla?"

"Bi Mwanalima hamruhusu mtu kuingia na mikono michafu."

Hakucheka. Akafika swali la watoto wanaoharisha, akaweka kidole. Kumi na mmoja, tisa, watano, watatu. Akaenda akachungulia kifuniko, akauliza mikebe ni mingapi, akaambiwa mmoja. Akarudi.

"Kisima hiki ni kizuri kuliko vyoo vyote nilivyokagua," akasema. "Yachemsheni tu. Lakini mimi nimetumwa kuhesabu vyoo, na vyoo hapa ni sifuri. Sanduku siwezi kuliacha. Wala wewe siwezi kukuchukua. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Ungenyamaza ningeingia, na jioni hii ungekuwa Kismayu."

"Naelewa, dakhtari."

Akanipa kalamu niandike mwenyewe. Nikaandika: vyoo, hakuna. Nikatia saini. Bwana Idarus alikaa kando amejishika kichwa, na Bi Mwanalima akamtilia chai nyingine bila kumuuliza.

Mashavu hakujua fomu wala sifuri. Alikuja amembeba Umi, midomo ya mtoto imekauka, akasema, "Shamsa, dakhtari wako ndiye huyu?"

Dakhtari akamshika mtoto, akaivuta ngozi ya tumbo, akaiachia, nayo ikachelewa kurudi. Akatazama kule mashua iliko. "Sanduku lina lakiri, na sasa ni la kisiwa kingine," akasema, kama anajisemea. Kisha akaniuliza, "Sukari mnayo? Chumvi?"

"Chumvi tunayo ya kutosha," Athmani akajibu.

"Njoo, binti. Miezi tisa sina. Nina mpaka mashua iondoke."

Akanichemshia maji ya kile kisima, au tuseme nilichemsha mimi yeye amesimama. Chupa moja ya lita. Vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa. Chumvi nusu kijiko. Nikatikisa, akaonja.

"Chumvi imezidi. Mwaga."

Wanawake wakaguna, maji matamu kumwagwa mchangani. Nikachanganya tena.

"Sukari imezidi. Mwaga."

"Huyu atatumaliza," Bi Mwanalima akasema, lakini ndiye aliyeleta maji mengine.

Ya tatu akaonja, akanipa chupa na kijiko. "Kijiko kimoja, hesabu mpaka sitini, kingine. Akitapika, ngoja kidogo, anza upya. Usichoke kabla yake."

Nikampakata Umi. Cha kwanza akakitema. Cha pili akakitema nusu. Baharini walikuwa wanamwita dakhtari, injini imeshawashwa, naye akasimama pale pale mpaka cha tano kikaingia chote. Ndipo akaondoka, na Bwana Idarus nyuma yake amebeba koti.

Sikuinua uso kuwaaga. Nilikuwa kwenye arobaini na mbili.