Samaki wa Jescah

Samaki wa mke wangu Jescah walikuwa sita, wekundu, ndani ya tangi la kioo pale sebuleni. Mwaka ule wa tisini na sita, miezi mitatu baada ya kumzika, alibaki mmoja. Binti yetu Wendy alikuwa amesharudi kwake Mombasa. Na huyo samaki mmoja sasa alikuwa akihema juu ya maji, akitafuta hewa kwa mdomo.

Nilifanya kazi ya kusafisha maji ya mji miaka ishirini na saba, kwa hiyo usinifundishe maji. Kabla ya kuyamimina niliyalaza ndooni mpaka asubuhi ili dawa ya klorini itoke. Basi kosa, nikasema, ni la mitambo. Nilibadilisha taa, nikakata mpira wa hewa uliozeeka, nikachemsha kijiwe cha kutoa mapovu. Majani aliyoyapanda Jescah kwa mikono yake yakazidi kuoza.

Nikamwita Shikanga, fundi wa redio, afungue pampu. Akaifungua, akaipuliza, akaifunga.

"Mzee, hii mashine ni nzima kuliko mimi na wewe."

Nilimfukuza. Fundi asiyeona ubovu ni fundi gani?

Ijumaa akapita Mwalimu Navalayo, jirani yangu hapa Shieywe, anayefundisha bayolojia. Tangu matanga yaishe, hakuna mgeni mwingine aliyekuwa ameketi kwenye viti vyangu. Pampu hakuigusa. Alikunja mkono wa blauzi, akachimba changarawe kwa kidole, akatoa uji mweusi unaonuka kama yai viza.

"Baba Wendy, unalishanga huyu samaki mara ngapi?"

"Nikikula, anakula."

"Na wewe unakulanga mara ngapi?"

"Asubuhi, chai ya saa nne, mchana, jioni." Nikaona aibu. "Nikikaa na sahani anakujanga kwa kioo, Mwalimu. Sasa nikule akiniangalia tu?"

Alifuta kidole.

"Chakula kinaozea huko chini, kinamaliza hewa. Toa huu uchafu, badilisha maji kidogo kidogo. Na siku tatu usimpe kitu. Hata punje."

Mimi mjuzi wa maji, nilikuwa nimewaua watano kwa ukarimu! Iliniuma kuliko nilivyomwonyesha.

Alipoondoka niliunyonya uchafu kwa mpira, nikaongeza maji. Jioni nikapika obusuma, ugali wa kwetu, na mboga, nikaketi palepale pangu. Samaki akashuka, akaja kiooni, mdomo wazi, mkia ukicheza.

"Leo hapana," nikamwambia.

Hakuondoka.

Nikainuka na sahani yangu, nikaenda jikoni, nikafunga mlango, nikala nimesimama huku nikitazama ukuta. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kula peke yangu tangu Jescah afariki.