Neno la Bi Zuwena

Shuleni nilifundishwa kwamba stadi ni mtu mwenye ustadi. Na ustadi je? Ni hali ya kuwa stadi. Nikaandika hivyohivyo kwenye mtihani, nikapata vema.

Kwa Bi Zuwena, aliyenifundisha kushona kofia za mkono hapa Bagamoyo, neno hilo halikutoka ovyo. Watu wote "wanashona" tu. Stadi walikuwa marehemu mama yake na mwanamke mmoja wa Kaole, basi. Mpaka akuite hivyo, kofia zako zinatoka kwa jina lake. Akishakuita, zinatoka kwa jina lako. Mimi niliingoja siku hiyo miaka mitano. Kila nikimpelekea kofia, alipitisha kidole gumba juu ya matundu ya nakshi, moja moja, kisha akachukua sindano akafumua.

"Yasmini, hii umeshona au umetoboa?"

Nacheka, narudi mkekani.

Mwezi wa Shaabani nikamaliza kofia ya maua ya mkarafuu. Pamoja na maringo yangu yote, hata mimi niliogopa kuigusa. Kabla sijampelekea, kiharusi kikamwangusha. Kikachukua mkono wa kulia na maneno yote, kikabakiza moja.

Nilipoingia nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi."

"Stadi," akajibu.

Moyo ukaniruka. Binti yake, Ashatu, akaniambia nisijisumbue: paka aliyemwaga uji kaitwa stadi, na dereva wa bajaji aliyekwangua ukuta wao naye vilevile. Nikasema basi nimepanda cheo, niko sawa na paka. Akacheka huku anafuta macho.

Nikampa Bibi kofia yangu ya mwanzo kabisa, iliyopinda kama sufuria iliyokanyagwa. "Stadi." Nikampa ya mkarafuu. "Stadi." Sauti ileile, jicho lilelile.

Hapo sikulitaka tena neno. Nilitaka afumue. Ukingoni palikuwa na tundu moja nililolikosea. Nililijua tangu mwanzo, nikanyamaza nione kama ataligundua. Nikamwekea sindano katika mkono wa kushoto, nikamkunja vidole, nikamsogezea tundu lile. Nikangoja.

Sindano ikateleza, ikaanguka. Akaitazama pale chini.

"Stadi," akaiambia.

Ashatu akasema kofia niitoe tu kwa jina langu, si nimeshaitwa, na shahidi yupo. Nikamwambia mashahidi ni wawili, asimsahau paka. Kisha nikaikunja, nikairudisha mkobani.