Picha ya Nane

"Shika chini kabisa, karibu na udongo. Ukivuta juu utabaki na kijiti mkononi, mzizi unakucheka."

Majani alishika chini. Mche wa pilipili hoho ulitoka bila ubishi, mkavu kama ufagio, akautupa kwenye rundo. Dada yake alikuwa mbele yake kwa matuta mawili. Miaka sitini na moja, goti bovu, na bado anamwacha nyuma mdogo wake aliyezaliwa miaka kumi na minane baada yake!

Majani alikuwa amekuja tangu asubuhi kusema jambo moja, na mpaka sasa alikuwa amesema mengine yote. Alikuwa amemsifu mjukuu mchanga wa dada kwenye picha. Alikuwa ameulizia goti. Alikuwa amelaumu jua, eti jua! Jua la watu lilifanya kazi yake tu.

"Saa kumi jirani anakuja kuchukua ufunguo wa geti," dada alisema bila kugeuka. "Nimemwachia shamba. Afugie kuku wake."

"Dada, usifanye haraka."

"Haraka gani? Miaka ishirini na mitatu nalima kipande hiki, sijawahi kuua hata tuta moja. Safari hii nimeua yote. Jicho limekwisha, mdogo wangu. Ile simu ilinionyesha vizuri tu, mimi ndiye sikuelewa."

Majani akang'oa miche mitatu kwa mkupuo ili asijibu.

Jina hilo la Majani alipewa ofisini, kwa sababu kwa miaka miwili hakuchora kitu kingine. Walikuwa wanatengeneza programu ya simu inayokisia ukuaji wa mimea. Unaiambia umepanda nini, lini, na mara ya mwisho umemwagilia lini. Yenyewe inafuatilia jua na mvua, inapiga hesabu, kisha inakuonyesha mmea wako ulivyo leo, hata kama uko safarini. Watu wa hesabu walikaa chumba cha pili. Yeye alikuwa mtu wa sura: vitufe, rangi, mahali kidole gumba kitakapofika bila kujinyoosha, na ule mmea wenyewe katikati ya skrini. Kila zao alilichorea picha nane. Katika ya kwanza mmea umeshiba maji, majani yamesimama. Katika ya saba umelegea, rangi imeanza kupauka. Katika ya nane umekufa.

Hiyo ya nane ilimchukua wiki nzima. Aliichora kwa uaminifu mpaka ikawa mbaya kuitazama. Watu walioitwa kuijaribu programu walikuwa wakifika hapo wanafunga simu, na mama mmoja alisema wazi, "Aa, hii nuksi, mimi siitaki nyumbani kwangu." Mkubwa wa kazi akakuna kichwa, maana uzinduzi ulikuwa wiki iliyofuata. Ndipo Majani, kwa ule ugonjwa wake wa kutaka kupendwa, akasema, "Basi tuishie ya saba. Hata skrini itapendeza." Wakampigia makofi. Hesabu za ndani ziliendelea kujua mmea umekufa, ila picha haikuwa na namna ya kusema.

Mwezi uliopita dada yake alisafiri kwenda kumwangalia bintiye aliyejifungua. Jirani alijitolea kumwagilia shamba, na dada akamjibu kwa majivuno kwamba asijisumbue, mdogo wake amemwekea kwenye simu macho ya kuona mbali. Alikusudia kukaa siku tano. Uzazi ulikuwa mgumu, binti hawezi kuinuka, basi kila asubuhi alifungua simu huku kichanga kikiwa begani, akaona pilipili zake zimelegea kidogo, akasema bado zinanivumilia. Akaongeza siku. Siku ya tisa picha ileile, na ya kumi na mbili ileile. Aliporudi na kuona, alimpigia Majani simu akilia, na Majani akamwambia, "Pole sana dada. Ndiyo kilimo."

Ndiyo kilimo! Siku nne zilikuwa zimepita, na maneno hayo bado hakuyafuta.

Walipomaliza tuta la mwisho, dada aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akauvua ufunguo shingoni na kuanza kufungua fundo la uzi wake. Lilikuwa fundo la zamani, lilimsumbua. Majani alishindwa kulitazama.

"Dada, hukukosea."

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Miche ilikuwa imeshakufa na simu ilijua. Haikukuonyesha. Mle ndani hakuna picha ya mmea uliokufa."

Vidole vya dada vikatulia. "Kwa nini hakuna?"

"Mkubwa wangu alikuwa na hofu kwamba watu..."

"Mkubwa wako ndiye anayechora?"

"Hapana."

"Sasa nani aliyeitoa?"

"Mimi." Sauti ilimtoka ndogo, kama ya mtoto aliyevunja chungu. "Ilikuwepo. Niliichora, nikaitoa mwenyewe. Niliona inaharibu sura."

Dada aliufumba ufunguo kiganjani. "Siku ile nakupigia nalia, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Hapo ndipo alipowaka.

"Siku nne! Siku nne najiita mjinga! Nimemwambia jirani nimezeeka, nimemwambia mwanangu asinitegemee tena, na wewe umekaa kimya unaniangalia? Pilipili zinapandwa tena. Mficha maradhi..."

"Kifo humuumbua," Majani alimalizia, kama alivyozoeshwa naye tangu utotoni.

"Usinimalizie maneno!"

Akaokota bonge la udongo akamtupia. Lilimpata kifuani, likapasuka. Majani hakujipangusa. Alisimama wima akingoja la pili, na alisikitika kuona halikuja.

Badala yake dada aliinuka akiegemea goti zima, akaenda kwenye rundo, akachambua mche mmoja mmoja kana kwamba yuko sokoni. Uliomridhisha akaurudisha kwenye shimo lake, akaushindilia udongo kwa kisigino.

"Una kalamu?"

"Ninayo."

"Chora. Kesho unaipeleka."

"Wanaweza kuikataa, dada."

"Nimekuuliza habari zao?"

Majani akachuchumaa, daftari juu ya paja. Alianza na shina, kisha majani, yale yaliyojikunja kama ngumi na yale yaliyobaki vikonyo tu. Dada alirudi kwenye ndoo yake, akawa anachungulia juu ya bega lake.

"Hodi!" Jirani alikuwa getini, mapema kuliko walivyopatana. "Hodi wenyewe!"

Dada aliutazama ufunguo kiganjani. Fundo lilikuwa limefunguka nusu.

"Ngoja hapohapo, jirani," aliita. "Tuna kazi haijaisha."

Kisha akaweka kidole kwenye karatasi, kidole chenye udongo, kikaacha alama.

"Hapa umeupendelea. Uliinama zaidi."

Majani akafuta, akaushusha.

"Bado," dada alisema.

Akafuta tena.