Ukurasa wa Jiografia

Mwaka ule ambao watu wa upande wa Makambako waliacha kuwatuma watoto kisimani, shule nayo ilinyamaza. Haikufungwa kwa amri ya mtu. Wanafunzi walipungua mmoja mmoja, wengi kwa kukatazwa na mama zao, wawili kwa sababu ambayo hakuna aliyependa kuisema, mpaka asubuhi moja Mwalimu Filemoni akapiga kengele na asije mtu. Simba walikuwa wamezoea nyama ya binadamu. Hawakungoja giza. Walikuja saa tisa alasiri, jua likiwaka, wakamnyakua mtu katikati ya wenzake kama mwewe anyakuavyo kifaranga, na wenzake wakabaki wameshika majembe. Hata jina lao watu walikuwa hawalitaji tena. Ukilazimika kusema, ulisema "wale wakubwa", na ulisema kwa sauti ya chini.

Hulda alikuwa mjane. Mumewe alikufa kwa kichomi mtoto wao akiwa bado anabebwa mgongoni, na mtoto huyo, Ema, sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja na alikuwa darasa la nne. Mwalimu Filemoni alimfuata nyumbani, akisindikizwa na watu wawili wenye mikuki, akamwachia karatasi mbili alizozinakili kwa mkono wake mwenyewe. Ulikuwa muhtasari wa masomo ya mwaka mzima. Alimwambia kwamba yeye Hulda alimaliza darasa la nne misheni, na kanisani ndiye anayesoma mzee wa kanisa akikosekana, basi amfundishe mtoto pale pale nyumbani. Mtihani wa kuingia darasa la tano ungefanywa Makambako, Jumatano ya pili baada ya Pasaka. Mtoto aliyesomea nyumbani angepokelewa kwa sharti moja: aje na daftari la masomo yote, na kurasa zake zote ziwemo, kwa kuwa mkaguzi kutoka Njombe huzihesabu. Ukurasa ukichanwa, mtoto anarudi alikotoka. Na kwa umri wake Ema hakuwa na mwaka mwingine wa kungoja.

Muhtasari ule ulitungwa kwa ajili ya shule yenye uwanja na watoto arobaini. Hulda alikuwa na chumba, mafiga matatu na mtoto mmoja. Palipoandikwa wanafunzi wapime uwanja wa mpira kwa kamba, Ema alipima nyumba kwa kamba ya gome, kutoka mafigani hadi mlangoni. Palipoandikwa walime kitalu cha hatua kumi, walipanda maharage ndani ya chungu kilichopasuka. Jedwali la kuzidisha waliliimba kwa tuni ya pambio. Walipofika kwenye hesabu za sehemu, nusu na robo, Hulda mwenyewe alipotea njia. Ikabidi ajifunze kwanza Jumapili mchana, peke yake, akikatakata viazi vya kuchemsha, ndipo amfundishe mtoto Jumatatu. Ema akamwambia kwamba somo hili ni tamu kuliko yote, maana ukikosea unakula kosa lako.

Yote hayo waliyafanya mlango ukiwa umefungwa kwa gogo kuanzia saa sita mchana.

Kisha wakafika kwenye jiografia. *Mwanafunzi achore ramani ya kijiji chake, aonyeshe njia, mito, na matukio makubwa ya mwaka.* Siku ile Hulda alikuwa nyuma ya nyumba akifunga kuni haraka haraka, akamwacha mtoto achore peke yake. Aliporudi, alikuta kazi safi kabisa. Njia zilikuwepo, kijito kilikuwepo, barabara ya malori ilikuwepo. Na kila mahali mtu alipochukuliwa palikuwa na kitone cha mkaa, na pembeni yake, kwa penseli, jina na siku. Vitone kumi na kimoja. *Idda mke wa Anania, Ijumaa.* Anania alikuwa jirani yao.

Mtoto alimtazama akingoja kusifiwa. "Si ndiyo matukio ya mwaka, mama?"

Hulda alikaa chini.

Wanyama walikuwa nusu tu ya hofu ya mwaka ule. Nusu ya pili ilikuwa watu. Kila kitongoji kilisema kwamba wale hawakuwa wanyama hivi hivi, kwamba yupo anayewatuma, na kwamba huyo anayewatuma anaweka hesabu ya waliokwisha kuliwa na waliobaki. Bwana Nyama, mwindaji wa serikali, aliahidiwa kutoka Njombe, hakuonekana, na kila wiki aliyochelewa watu walizidi kutazamana. Upande wa Mdandu kikongwe mmoja alifukuzwa kwa mawe na nyumba yake ikachomwa, kosa lake likiwa kwamba mbuzi wake hawakuguswa. Na hapa palikuwa na hesabu yenyewe, kwa majina na siku, ndani ya nyumba ya mwanamke anayeishi peke yake na kujifungia mchana. Tena vitone vilizunguka kila upande, na nyumba yao ikabaki katikati, nyeupe, kama sahani iliyooshwa.

Kuchana asingeweza. Alijaribu kufuta kitone kimoja kwa kidole gumba, mkaa ukasambaa, ukaonekana kama mtu aliyetaka kuficha. Mwisho alichukua uji mzito wa ulezi, akaupaka pembezoni, akaugandisha ukurasa ule na ule unaoufuata. Akifika mbele ya Mwalimu angeubandua kwa kidole chenye mate. Akamwambia Ema asimwambie mtu, akasali, na siku zote zilizobaki hakulala usingizi wa kushiba.

Jumatano ya mtihani waliondoka jua lilipokwisha kutoka, watu kumi na mmoja kwa kundi moja, kwa sababu hakuna aliyethubutu kutembea kwa uchache. Mbele alikuwa Anania na mkuki. Tangu azike kitambaa cha mkewe, maana hakikupatikana kingine, alikuwa mtu wa maneno machache. Nyuma alikuwa Mika, kijana mcheshi wa mdomo mkali, akipiga debe kuwatisha wale wakubwa, pamoja na rafiki yake Linus aliyebeba ngozi ya kuuza. Ukungu ulikuwa mzito na manyunyu yalianguka, yale ya Makambako yasiyonyesha wala kuacha. Hulda aliyatazama manyunyu yale kuliko alivyotazama nyasi. Daftari lilikuwa kwenye kitambaa kichwani kwa Ema, na kitambaa kilikuwa kimelowa.

Walipofika njia panda wakasimama kupumua. Hapo njia moja ilishuka kijitoni, fupi, na nyingine ilizunguka kwa barabara ya malori. Mika akamtania Hulda, kwamba mzigo huo mtoto anaoulinda kama yai ni mahari au ni sima, na akautwaa ili amsaidie. Hulda alinyoosha mkono akachelewa. Kitambaa kilifunguka, daftari likaangukia kwenye majani, likafunguka pale pale ambapo uji ulikuwa umelainika.

Mika aliinama kuliokota, halafu hakulifunga. Kusoma hakujua vizuri, lakini ramani ya kwao aliifahamu. Akampa Anania.

Anania alijifunza kusoma ukubwani, kwenye mafundisho ya ubatizo, naye alisoma kwa kidole. Kidole kilitembea kwenye kijito, kikapanda, kikasimama. Hulda alijua kimesimama wapi.

"Nani ameandika haya?"

Hulda alifungua kinywa aseme ni yeye, lakini Ema alikwisha jibu. "Mimi, baba. Ni jiografia."

"Jiografia," Mika akasema. "Na hapa kwenu mbona hamna kitu? Mna dawa gani, Mama Ema, na sisi mtugawie?"

Watu wakasogea nyuma kidogo. Ni nusu hatua tu, lakini Hulda aliiona. Akajikaza, akamjibu Mika kwa sauti ile ile anayosomea kanisani, kwamba dawa yao ni gogo la mlangoni, na kwamba tangu mvua zianze hawajatoka nje baada ya saa sita, mbegu walizipanda chunguni, aende akatazame. Mika akacheka bila kicheko.

Anania hakuwa akiwasikiliza. Alimuuliza mtoto mishale midogo ya penseli aliyoichora kati ya kitone na kitone ni ya nini. Ema, kama aliyeitwa mbele ya ubao, akaeleza kwamba wale wakubwa hawarudi walikokula. Wakila upande huu, siku ya pili au ya tatu wanakula ng'ambo, halafu wanarudi, na kila wanapovuka mtu wa kwanza huchukuliwa njiani. Juzi walikula Lyamkena, ng'ambo ya kijito.

"Kwa hiyo leo," akasema, na hapo Hulda akambana bega.

Aliliona shimo lote kwa mara moja. Mtoto akisema na isiwe, ni mwongo, na Makambako watafika salama. Akisema na ikawa, nani ataamini tena kwamba alijua kwa penseli?

"Leo wapi?" Anania akauliza.

Ema alimtazama mama yake. Watu walikuwa kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa na kichanga mgongoni. Hulda aliomba moyoni neno moja tu la kumwelekeza, na halikuja. Kilichokuja ni uso wa kile kichanga.

"Mwambie," akasema.

"Kijitoni, baba."

Anania alilifunga daftari, akalirudisha kitambaani, akaelekea barabara ya malori. Watu walimfuata. Mika yeye alikataa. Alisema hawezi kuongozwa na mkaa wa mtoto wa kike, na kwamba wao watakapofika yeye atakuwa ameshakula na kulala. Akashuka kijitoni na Linus, wakipiga debe kwa zamu, na sauti ya debe ilisikika muda mrefu upande wa kulia, ikipungua. Kisha haikusikika. Huenda ni umbali. Hulda alitembea akisali, na baada ya hatua nyingi ndipo alipoisikia sala yake mwenyewe: alikuwa akimwomba Mungu mtoto wake awe amekosea.

Walifika Makambako kengele ilipokwisha kulia. Mwalimu Filemoni alikuwa mlangoni. Alizihesabu kurasa akilamba kidole, akafika kwenye ramani, akakaa nayo muda kuliko zote, kisha akasema tu kwamba zimetimia na mtoto aingie. Hapo ndipo zogo liliposikika barabarani.

Mika alikuja bila debe na bila Linus. Suruali ilikuwa imelowa hadi kiunoni. Alikaa chini katikati ya njia kama mtoto, na waliomzunguka waliuliza mara mbili ndipo aliposema ni kwenye kivuko, nyuma yake, na kwamba hakusikia hata kilio. Halafu akainua macho akamwona Ema mlangoni.

"Huyu alijua," akasema taratibu. "Muulizeni alijuaje."

Walikuwa watu wengi kuliko wale waliosafiri pamoja, watu wa Makambako na wa sokoni, ambao hawakumjua Hulda wala chungu chake cha maharage. Walimgeukia mtoto wote kwa pamoja. Mmoja aliinama, na Hulda hakungoja kuona anaokota nini. Alimweka Ema nyuma yake, mgongo ukagusa ukuta, na hata jina la Mungu likakataa kutoka.

Anania alipita katikati. Alichukua daftari mikononi mwa Mwalimu, akachukua penseli mkononi mwa Ema, akapiga goti na kulilaza daftari juu ya paja. Mkaa hakuwa nao. Akakandamiza penseli mpaka ikatoka alama nyeusi kwenye kijito. Kisha akaandika, kwa herufi kubwa za mtu wa ubatizo, huku watu wakimngoja: *Linus, Jumatano*.

"Mika," akasema. "Jua lilikuwa wapi?"

Mika akainua mkono, akaonyesha mahali angani jua lilipokuwa limeng'aa kupitia ukungu, juu kidogo ya vilima. Anania akaandika na hilo.

"Siku aliyochukuliwa Idda nilikuwa nimeisahau," akawaambia watu. "Huyu mtoto hakuisahau. Sasa na mimi nimeandika, na Mika amenionyesha saa. Anayemtafuta mwenye hesabu aanze na mimi. Nipo hapa."

Hakuna aliyeondoka, na hakuna aliyesogea karibu. Mwalimu Filemoni alimshika Ema mkono akamwingiza ndani, akafunga mlango. Baada ya kitambo dirisha likafunguliwa na Mwalimu akauliza, kwa sauti ya kuona haya, kama penseli ile wameimaliza, kwa sababu mtoto amekaa bila kitu. Anania akainuka akampa.

Kisha akaja kusimama upande wa pili wa dirisha, mkuki mkononi. Alimuuliza Hulda, bila kumtazama, kama akija kesho, mtoto anaweza kumwonyesha tena ile mishale, polepole, tangu mwanzo. Hulda akasema aje kabla ya saa sita.

Walikuwa na saa tatu za kurudi nyumbani, na ukungu ulikuwa haujainuka. Ndani kalamu za watoto zilianza kukwaruza. Hulda aliegemea ukuta chini ya dirisha akaanza kulinda, macho yake akiyagawa, nusu kwa nyasi za ng'ambo ya barabara, nusu kwa wale watu waliosimama.