Kisu cha Moto wa Gesi

Daktari aliponiambia moshi wa makaa ya mawe umenila mapafu, na kwamba nikiendelea kuuvuta nitamtangulia baba yangu kaburini, baba yangu alicheka. Alicheka palepale mbele ya daktari! "Babu yangu aliuvuta moshi huo maisha yake yote," akasema. "Hakuna Tackett aliyewahi kuuawa na makaa." Ni kweli, wote waliuawa na kikohozi. Lakini baba, mzee Orville, ukimwambia hivyo, anakujibu kwamba kikohozi kinaletwa na baridi ya milimani.

Mimi ni Velma, mtoto wake wa pekee. Nilishika nyundo kabla sijaweza kuiinua kwa mkono mmoja. Ukoo wetu umefua visu katika milima hii ya Arkansas tangu babu wa babu, na kila kisu kikikamilika hupigwa muhuri wa chuma wenye jina la Tackett. Muhuri ni mmoja tu, na hukaa mfukoni mwa mhunzi mkuu. Mwaka ule mikono ya baba ilikuwa imeanza kutetemeka. Akatangaza kwamba siku ya mkutano wa wahunzi wa kila vuli atautoa kwa mmoja wetu, mimi au Delbert, yule ambaye kisu chake kitapita majaribio yote manne: kukata kamba, kukata ubao, kunyoa, na kukunjwa bila kuvunjika.

Delbert ni mtoto wa baba yangu mdogo. Mdomo wake una upepo mwingi kuliko mivukuto.

Nilikuwa nautaka muhuri ule, na sioni haya kusema. Niliutaka kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote, na wanaume nimeolewa nao wawili.

"Basi fua kwa makaa kama watu," baba aliniambia.

"Sifui kwa makaa. Nitatengeneza tanuru la gesi."

"La nini?"

"La gesi, baba. Umenisikia."

"Velma, gesi ni ya kukaangia mayai."

"Basi siku hiyo utakula kisu cha kukaanga," nikamwambia, nikaondoka zangu.

Nilikwenda dukani kwa Purvis, anayeuza misumari na mabomba, nikamwomba vipande vya bomba na viungio. Kumbe habari zilikuwa zimeshanitangulia. "Tunafungua mgahawa, dada Velma?" akauliza, na wenzake waliokuwa wakinywa kahawa pale wakaangua kicheko.

"Tunafungua, na wewe Purvis ndiwe supu. Kata bomba."

Nilitafuta mtungi wa gesi uliokwisha, nikaung'oa valvu nje uani, nikaujaza maji mpaka mdomoni ndipo nikaukata. Mtungi unaoitwa mtupu si mtupu. Gesi hujificha ndani, na cheche moja tu inatosha kukupeleka kwa Mungu bila kuaga. Nikauwekea ndani blanketi la nyuzi za udongo, lile wanalofungia matanuri ya viwandani, nikalipaka udongo wa kuzuia moto, nikaacha likauke. Kichomeo nilikiunda kwa yale mabomba ya Purvis. Katikati nilitoboa tundu jembamba kama la sindano, ili gesi ikichomoka kwa kasi ivute hewa yenyewe, bila mivukuto.

Siku ya kwanza kiliniaibisha. Moto ulikohoa, ukarudi nyuma ndani ya bomba, ukazima. Nikasogeza tundu mbele kidogo, ukakohoa tena. Nikasogeza, nikatukana, nikasogeza. Hatimaye ukashika, ukanguruma, na kuta za ndani za mtungi zikawa nyekundu, kisha zikakaribia rangi ya chungwa. Nilipiga vigelegele peke yangu uani kama mwehu. Jirani akachungulia, nikamwambia aende akamwite Purvis aje anuse supu.

Gesi nayo ina masharti yake. Hula hewa ya chumbani na kuacha sumu isiyo na harufu, kwa hiyo nilifanya kazi milango yote miwili ikiwa wazi, jua likiingia mpaka kwenye fuawe. Kipande cha springi ya lori nilikifua kikanyooka vizuri. Nikakipasha, nikakizamisha kwenye mafuta, nikakioka kukipunguzia ukavu, nikakibana kwenye jiliwa nikijaribu kukikunja. Pa! Kikavunjika kama biskuti. Nikafua kingine. Pa!

Delbert alipita akaviona vile vipande. Akaokota kimoja, akakiangalia pale kilipovunjikia, ambapo chuma kilikuwa chengachenga kama sukari. "Pole, binamu," akasema kwa sauti tamu inayotia kichefuchefu. "Ndiyo gesi hiyo. Mjomba alikuonya."

"Mjomba ni wa nani? Kwako wewe ni baba mkubwa, hata ukoo wako huujui! Toka uani kwangu."

Alipoondoka nilikaa juu ya ndoo nikalia. Nililia kwa hasira, machozi ya moto, kwa sababu nilianza kuogopa kwamba labda wanasema kweli. Mapafu yangu yalikuwa yamenifungia mlango wa makaa, na sasa gesi nayo ilikuwa inanikatalia. Ningekuwa nani basi?

Nilipofuta uso nikatazama tena zile chenga. Chuma huwa hivyo kikipashwa kupita kiasi. Lakini mimi nilikitoa kikiwa na rangi ya nyanya iliyoiva, vilevile nilivyofundishwa na baba. Nilifundishwa wapi? Katika karakana yake, iliyopigiliwa mbao madirishani, yenye giza la shimo. Akina Tackett wote tumejifunzia rangi gizani! Jua hufifisha mng'ao, kwa hiyo rangi ile ile ukiiona juani, ujue chuma kimeshapitiliza zamani. Gesi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa machoni mwangu, na macho hayo nilirithishwa na baba.

Nikafunga sumaku kwenye waya, nikaitundika kando ya tanuru. Chuma kikifika joto lake, sumaku haikishiki tena. Hapo nakiongezea moto kidogo tu, nakizamisha. Baba alikuwa akisema kila siku kwamba sumaku ni fimbo ya kipofu. Haya, mimi ni kipofu. Kisu changu kikatoka salama. Nikakioka kwenye oveni ya jikoni mpaka kikawa rangi ya majani makavu, kisha nikaupasha mgongo peke yake mpaka ukawa wa bluu, ili makali yawe magumu na mgongo uwe mnyumbufu.

Siku ya mkutano watu walijaa nyuma ya karakana ya baba, na kambare wa kukaanga na mkate wa mahindi. Delbert akaanza. Alikata kamba nene iliyoning'inizwa, kwa pigo moja. Alikata ubao wa mbili kwa nne mpaka ukawa vipande. Kisu kikanyoa nywele za mkononi kama wembe. Likabaki la mwisho, la kukunja. Akakibana ncha kwenye jiliwa, akavuta. Hakikufika hata nusu. Pa! Watu wakaguna, na Delbert akabaki ameshika mpini na kipande cha chuma.

Nikaingia mimi.

"Kaanga mayai, dada!" Purvis akapaza sauti.

Kamba ikaanguka. Ubao ukaanguka. Nikanyoa mkono wangu mbele ya pua ya Purvis, nikampulizia nywele. Kisha nikakibana kisu, nikaukamata mpini kwa mikono miwili, nikavuta. Kiligoma, kikapinda, kikaendelea kupinda, mpaka kikasimama pembe kamili kama kona ya meza. Hakikupasuka popote. Watu wakalipuka kwa shangwe, na Purvis alivua kofia yake, nakiri hilo.

Baba alinijia taratibu. Alikipapasa kisu kwa kidole gumba kuanzia ncha mpaka mpinini, na nikaona macho yake yamelowa. Akatoa muhuri mfukoni. Akanisogelea kwa karibu, watu wasisikie.

"Umepita," akasema. "Sijawahi kuona mkunjo kama huo. Sasa waambie ulikifulia kwangu, kwa makaa."

"Nimekifulia kwangu, baba. Kwa gesi."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba. Jina letu ni makaa, Velma. Watu wananunua makaa. Sema neno moja tu, muhuri ni wako, nami nife nimetulia."

"Na nikija kukohoa kama babu, niseme ni baridi ya milimani?"

"Binti yangu, usinifanyie hivi."

Muhuri ulikuwa kiganjani mwake, ukitetemeka pamoja na mkono wake. Ningenyoosha vidole tu ningeushika. Nilimpenda mzee yule na nilikuwa na hasira naye, yote kwa pamoja, mpaka kifua kikaniuma zaidi ya moshi wowote.

Nikageuka. Nikakichomoa kisu kwenye jiliwa, nikakiinua juu kikiwa vilevile kimepinda. "Hiki ni cha moto wa gesi!" nikapaza sauti. "Mtungi uko uani kwangu, milango iko wazi, anayetaka kujifunza aje!"

Baba alipita mbele yangu, akaenda mpaka kwa Delbert, ambaye kisu chake kilikuwa chini vipande viwili, akauweka muhuri mkononi mwake. Delbert aliupokea bila kuniangalia.

Iliniuma. Bado inaniuma, na sitajifanya kwamba iliisha. Lakini tanuru langu linanguruma kila asubuhi, nami bado napumua. Visu vyangu havina muhuri wowote. Anayetaka kujua ni vya nani, avikunje.