Picha ya Pili ya Mlima

Ufa ulianzia nyuma ya choo ukapanda mlimani, na binti kitinda mimba aliutazama kila alipoanika nguo. Baraza la kijiji lilikataa kuhamisha watu bila ushahidi. Mama naye alikataa kuhama bila neno la mwanawe mkubwa, mfanyakazi wa kituo cha setilaiti.

"Picha ya kwanza tunayo," kaka alisema siku aliyokuja kuwasalimu. "Rada ya setilaiti inatuma mawimbi, yanagonga mlima, yanarudi. Giza au mawingu, haijali. Setilaiti ikipita tena, tunapiga nyingine kwa pembe ileile, tunalinganisha. Mlima ukisogea upana wa kidole, tutajua."

"Na hilo dude linageuzaje shingo?" Mama akauliza.

"Haligeuzi, Mama. Antena yake ni vijiantena vingi mstarini. Ni kama watu wakipiga makofi: wa kushoto wakitangulia kidogo, wa kulia wakichelewa, kishindo kinaelemea kulia. Sisi tunapanga tu nani achelewe."

"Kumbe linatazama mtakako!" Mama alicheka. "Basi mwanangu ana jicho mbinguni, nami nihame kwa umbea wa ufa?"

Siku ya picha ya pili ilipopita, kitinda mimba alimpigia simu. "Kaka, vipi mlima?"

"Umetulia. Mwambie Mama alale usingizi."

Ufa sasa ulimeza mguu wa kitinda mimba hadi kifundoni. Lakini yeye aliyeacha shule darasa la tano angebishana vipi na setilaiti? Akamfikishia Mama ujumbe. Mvua ya wiki ile ikashusha mlima juu ya nyumba, yeye akiwa kisimani, Mama akiwa kitandani.

Msibani, dereva wa kituo ndiye aliyeropoka. "Siku ile walikuja wageni. Bosi akaamuru antena ielekezwe bandarini, waione bandari yao. Ikitazama kule, huku haioni. Kaka yako alifungua mdomo, akaufunga. Si unajua, alikuwa anangoja cheo."

Jioni kaka akaja, macho mekundu, simu mkononi.

"Jana setilaiti ilipopita, tuliuelekezea mlima antena," alisema. "Tazama."

Mlima ulikuwa pale kwa nyeusi na nyeupe, kila bati lililokunjika likionekana.

"Imetoka vizuri," dada yake alimjibu. "Nenda ukamwonyeshe Mama."