Kapoti Katika Mfuko wa Léopold

Tangu Bénie arudi nyumbani kutoka wodi ya wazazi, mumewe Léopold hakumgusa hata ukucha. Si kwamba alimtupa. Alimpikia uji, akamchotea maji, akamfulia mtoto nepi huku wanaume wenzake wa Kashikishi, kando ya ziwa, wakimcheka waziwazi. Lakini wakati wa kulala ulipofika, alitandika mkeka wake kule upande wa magunia ya samaki, akampa mkewe kisogo, na habari ikaishia hapo.

Mwanzoni Bénie alishukuru. Mwanamke aliyepasuliwa tumbo hatafuti mahaba, anatafuta usingizi. Mimba ya Orpha, binti yao wa kwanza, ilimpandisha presha mpaka akaanguka kifafa kisiwani Kilwa, ndani ya ziwa lao, walikokwenda kununua samaki. Léopold ndiye aliyemvusha ziwa kwa boti ya injini, akiwa amemlaza kichwa mapajani asijigonge kwenye mbao. Bénie hakumbuki hata wimbi moja la safari ile. Alipozinduka hospitali alimkuta mtoto analia na mume analia, na kati ya hao wawili, mtoto ndiye aliyekuwa akilia kwa adabu.

Siku ya kuruhusiwa, nesi alimweleza bila kuzunguka. Mimba nyingine kabla presha haijatulia ingeweza kumuua. Vidonge na sindano wanazotumia wenzake zina homoni, na kwa presha ile ilifaa zisubiri. Kitanzi nacho kingengoja mpaka maambukizi aliyoyapata tumboni yapone. Kilichobaki ni kondomu, ambazo Wakongomani wa pale ziwani huziita kapoti. Nesi akampa boksi zima, akamtakia heri.

Miezi ikapita. Kidonda kikafunga, mwili nao ukaanza kukumbuka mambo yake. Jioni moja, baada ya kula, Bénie alilishusha lile boksi kutoka juu ya kabati, akalisogeza taratibu karibu na sahani ya mumewe. Alikuwa amejipaka mafuta na kufunga kitenge kipya. Léopold alilitazama boksi, hakukitazama kitenge.

"Ile kitu iko na matundu," alisema.

"Matundu gani?"

"Madogo. Macho haionake. Levy anajua, alinielezea muzuri. Mbegu ya mwanaume inapita tu, sawa maji mu kichujio."

"Levy ni fundi wa injini ya boti yako, Papa Orpha. Haiko docta."

"Hata kidogo. Mi nakataa." Akanawa mikono, akaenda zake kwenye mkeka.

Hebu mwanamke amwambie nani jambo kama hilo? Mama yake yuko ng'ambo ya ziwa, kwao Pweto. Mchungaji ni mwanamume. Alibaki Claire, jirani aliyetoka makazi ya wakimbizi ya Mantapala na kupanga chumba mlango wa pili ili auze unga wa muhogo sokoni. Claire alikuwa na moyo mkubwa na mdomo mkubwa zaidi, na hakuna swali lililowahi kumkosesha jibu.

"Afazali akatae!" Claire alisema, akipiga chekecheo lake la unga. "Kule Mantapala kulikuwa bibi moja, kapoti ilibakia ndani. Ikapanda, ikapanda, mpaka kwa roho. Akakufa."

"Ulimuona?"

"Nilisikia. Tena inamalizaka nguvu ya mwanaume. Tena wewe muke wa ndoa, umeolewa kanisani, unamuomba bwana yako kapoti? Ile ni ya banamuke ya mu baa."

Bénie aliendelea kumnyonyesha Orpha. Claire akaona amefungua mlango, akaingia mzima mzima.

"Na mi nakuambia kitu ingine, dada. Mwanaume wa kulala pa mukeka miezi yote hii, eko na kitanda pahali ingine."

Maneno ya Claire mengi yalikuwa ya kucheka ukasahau. Hili halikumchekesha. Lilimwingia Bénie na kukaa, na kila Léopold alipopanda boti kwenda Kilwa na sukari, sabuni na mawese ya kuuza, alibaki akijiuliza huko kisiwani anapikiwa na nani.

Wiki iliyofuata alikuwa akifua mfuko wa zamani wa safari, mumewe akiwa amesafiri na ule mpya. Akaingiza mkono kwenye kijimfuko cha pembeni kutafuta kama kuna sarafu, akatoa kapoti. Nyingine zilikuwa nzima, na nyingine zilikuwa pakiti tupu zilizochanwa.

Akakaa chini palepale kwenye povu. Kumbe kule Kilwa hazina matundu! Kumbe matundu ni kwa ajili yake yeye, mke aliyepasuliwa, mwenye kovu na presha! Aliponea chupuchupu kufa, akamshukuru Mungu kanisani mbele ya watu, na sasa akaona uhai ule alirudishiwa ili aje aumalizie kwa aibu. Alilia mpaka Orpha naye akalia.

Kisha akanawa uso. Léopold alikuwa njiani kurudi siku hiyohiyo. Bénie akazifunga zile pakiti kwenye pindo la kitenge, akambeba mtoto mgongoni, akashika njia ya ziwani. Alikuwa ameshapanga maneno yote, na alitaka wanawake wa sokoni wasikie kila neno.

Alipofika, upepo ulikuwa umeshachafua maji. Wachuuzi walisimama ukingoni na mabeseni yao, wakitazama upande wa Kilwa. Boti zilikuwa zimechelewa. Maneno aliyoyapanga yakaanza kumponyoka moja moja, na mahali pake ukaingia woga. Unaweza kumkasirikia mtu na kumuombea palepale, tena kwa pumzi moja, na ndivyo Bénie alivyofanya.

Hatimaye boti yao ikaonekana. Ilikuwa imezama kupita kiasi, ikijikokota, na Levy alikuwa akichota maji ndani kwa sufuria kama mwendawazimu. Magunia yalilowa chepechepe. Léopold mwenyewe hakuonekana. Bénie, roho mkononi, akatoa simu akapiga, ingawa alijua wazi kuwa ndani ya boti iliyojaa maji vile hakuna simu itakayoita.

Ikaita.

Ikaita kule majini, watu wakasikia. Léopold akaibuka kutoka katikati ya magunia alikokuwa akiziba ufa kwa magoti yake, akazamisha mkono wote kwenye maji ya chini ya boti, akapapasa, akatoa kitu cheupe kilichofungwa fundo. Ndani yake ilikuwamo simu yake ndogo ya vitufe, ikiwaka taa. Hata hakuifungua. Akabonyeza juu ya mpira, akaiweka sikioni.

"Allô? Mama Orpha? Tunafika, usiogope!"

Wanawake walivunjika mbavu. Mmoja alimwaga beseni lake. "Tazameni, Mukongomani amevalisha simu!" alipiga kelele kwa Kibemba, na ukingo mzima ukalipuka. Bénie alisimama na simu sikioni, mdomo wazi, akimtazama mumewe akizungumza na kapoti. Kila pakiti iliyochanwa ikajieleza yenyewe.

Boti iligusa mchanga, watu wakakimbilia magunia. Léopold akaja amelowa mpaka nyusi, anatetemeka kwa baridi, na bado anaangalia kwanza kama mtoto mgongoni yuko salama. Bénie akamvuta mpaka nyuma ya vichanja vya kuanikia chisense, wale samaki wadogo, pasipokuwa na masikio.

"Lete telefone."

Bénie akafungua fundo kwa meno. Simu ilikuwa kavu.

"Hii ilikuwa mu maji tangu wapi?"

"Tangu katikati ya ziwa. Lampe ya kumulika imekufa, sukari imekufa yote. Ni hii tu imebakia," alisema Léopold. "Na radio ya Levy. Nayo tuliivalisha."

"Alors, sasa yale matundu iko wapi?"

Léopold akaitazama simu. Akamtazama Levy kule kwenye boti. Uso ukamshuka. Bénie alikuwa ameshika ushindi mkononi, na angeutumia, maana alikuwa mwanamke mwenye ulimi. Aliendelea, "Kapoti unaiamini na telefone mu ziwa lote, na miye bibi yako..."

"Telefone ikikufa nitanunua ingine," Léopold alimkatiza. Sauti haikuwa ya ugomvi. "Weye ukikufa, nitakununua wapi?"

Bénie akamrudishia simu.

"Haukujiona, mama. Mi nilikuona. Mu boti, macho yako ilikuwa wazi na haikuwa inaona kitu. Nilikuita, nilikuita. Sasa mutu anikujie na kapoti, aseme ni sawa? Hata kama tundu ni moja tu, kidogo. Ndio maana nakimbiliaka pa mukeka. Nikikugusa mukono nitajisahau."

Hapo ndipo Bénie alipolia kilio cha pili siku ile, na kilikuwa kitamu. Alizitoa zile pakiti kwenye pindo la kitenge, akamwonyesha, akamwambia alichokuwa amekuja kufanya. Léopold akashika kichwa. Kisha wakacheka, wakiwa wameegemeana, mpaka maji ya shati lake yakamlowesha mtoto.

Kesho yake asubuhi walikwenda kliniki wote wawili. Nesi Chilufya, mama mnene wa Nchelenge mwenye Kiswahili cha sokoni na kicheko cha kanisani, alikuwa hajawahi kuona mwanamume akiingia na mkewe kwa shughuli hiyo bila kuburutwa. Akafunga mlango, akawapa viti.

Léopold aliuliza kama mtu anayenunua injini. Akivaa mbili, si ni imara zaidi?

"Awe, tata! Hapana, baba!" Chilufya alisema. "Mbili zinasuguana, zinapasuka. Moja tu, kila mara, mpya."

Na akipaka mawese kidogo?

"Mafuta yanakula mpira. Mawese peleka kwenye mboga ya sombe."

Na hizi za mfukoni, za kwenye boti?

"Jua limekwisha kuzipika. Hizo valisha simu yako."

Bénie naye akauliza, kwa niaba ya Claire, kuhusu ile inayopanda mpaka kwenye roho. Chilufya alicheka mpaka akafuta macho. Huko ndani, alisema, njia ina mwisho. Ikichomoka inakaa palepale, unaitoa kwa vidole vyako.

Halafu Léopold akauliza swali lililomleta. "Na ikipasuka, atakufa?"

Chilufya akaacha kucheka. Alivuta kiti mbele. "Sitakudanganya, tata. Matundu haina, lakini siku moja inaweza kupasuka. Ikipasuka, msikae nyumbani mkiogopa. Kujeni hapa haraka, siku ileile au kesho yake. Kuna kidonge cha dharura, na hicho hata mwenye presha anameza. Na mama akipona kabisa, tutaweka kitanzi. Mukija, tuko. Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Léopold, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila yeye kuyajali. Alimshika nesi mkono kwa mikono yake miwili, akashindwa kuuachia. "Natotela, mama. Aksanti. Natotela sana."

Bénie alimtazama mwanamume huyo mzito, mwenye mikono ya kamba na magunia, akilia mbele ya mgeni kwa sababu mkewe ataishi. Akamshukuru Mungu, kimoyomoyo, na safari hii alijua kitu anachoshukuru. Miezi yote aliyodhani ametupwa, kumbe alikuwa amelindwa. Alilindwa vibaya, kwa habari za Levy, lakini alilindwa.

Njiani alimwambia, "Aksanti ya kuniogopea."

"Ulinichukia?"

"Sana. Jana nilikuwa nakuja kukuharibia jina pa soko."

"Na leo?"

Bénie akaongeza mwendo. Jua lilikuwa bado halijafika utosini walipofika nyumbani. Claire alikuwa kibarazani kwake, anachekecha unga, na Bénie akamshusha Orpha mgongoni, akampakatisha Claire mapajani bila hata kusalimu vizuri.

"Mutunze mutoto kidogo, dada."

"Munaenda wapi tena? Munatoka tu kliniki!"

"Nyumbani," alisema Bénie.

Claire aliangalia boksi jipya kwapani mwa Léopold, akaangalia jua, akawaangalia wao. "Saa hii?"

"Saa hii," alijibu Léopold, akamfungulia mkewe mlango.